Nimeanza tena kuamini St Kilda itachukua kombe. Nina akili timamu kweli?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nilifika Melbourne mwaka 2009 nikitokea Mwanza, nikapata kazi ya ghala huku Dandenong. Mzee mmoja wa pale kazini alinivika skafu nyekundu, nyeusi na nyeupe wiki yangu ya kwanza, na mwaka huo timu yake, St Kilda ya ligi ya mpira wa Australia, wakashinda mechi 19 mfululizo. Nikadhani nimeangukia kwa mabingwa. Yaliyofuata unayajua: tukakosa kombe fainali ya 2009, na ya 2010 pia. Nimelia 2009, nikalia 2010, na tangu hapo kila Februari naamini upya, kila Agosti naumia upya. Sasa tumesajili majina makubwa, kijana wetu bora Nasiah amebaki, na jamaa wote wanasema msimu wa 2026 ni zamu yetu. Mwanangu wa miaka 11 ananiuliza, 'Baba, mwaka huu?' Mke wangu anasema tukifungwa nyumba inageuka msiba. Nimeshalipia kadi ya uanachama, na kusema kweli nimeweka na mkeka wa ubingwa ambao mama watoto haujui. Je, nina sababu ya kuamini au huu ni ugonjwa? Timu hii ina mkosi? Na mtoto nimwambie nini?"

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Naona unachokiogopa si St Kilda kufungwa, maana hilo umeshalizoea. Unaogopa kwamba kuamini kwenyewe ni ujinga, na kwamba sasa unamrithisha mtoto ujinga huo. Nitaanza na hesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu, halafu nitakuja kwenye mkeka, ambao ndio ulionishtua kuliko yote uliyoandika.

Tuanze na mkosi. Fikiria ligi ya timu 18 zilizo sawa kabisa, kila moja ikiwa na nafasi moja kati ya 18 ya kubeba kombe kila mwaka. Hakuna upendeleo, hakuna kocha mbovu, hakuna mchawi. Katika ligi hiyo, kati ya mashabiki 100 wanaofuata timu zao kwa misimu 17, kama wewe kuanzia 2009 hadi 2025, takriban 38 hawataliona kombe hata mara moja. Hao hawajarogwa. Sasa tazama ligi yenyewe. Tangu uliposhuka kwenye ndege, kombe limekwenda kwa Geelong, Collingwood, Sydney, Hawthorn, Western Bulldogs, Richmond, West Coast, Melbourne na Brisbane. Ni timu tisa. Tisa zilizobaki zimetoka kapa: Adelaide, Carlton, Essendon, Fremantle, Gold Coast, GWS (Greater Western Sydney), North Melbourne, Port Adelaide na nyinyi. Nusu nzima ya ligi ina njaa kama yako. (Shabiki wa Carlton, mwenye makombe 16 kabatini, la mwisho la 1995, atakasirika kuwekwa benchi moja na wewe. Mwache akasirike.)

Najua utaniambia historia ya klabu yako haikuanza 2009. Kweli. St Kilda ilianzishwa 1873 na ina kombe moja tu, la 1966, walipoifunga Collingwood 74 kwa 73 kwa pointi moja ya Barry Breen dakika za mwisho. Katika misimu mitatu ya kwanza ya ligi, 1897 hadi 1899, hawakushinda mechi hata moja. Miaka ya 1980 klabu ililemewa na madeni ikashika mkia misimu minne mfululizo, 1983 hadi 1986. Lakini hayo ukiyachunguza yana maelezo ya kawaida kabisa: fedha mbovu, uongozi mbovu, na wachezaji wazuri kukimbilia klabu zinazolipa kwa wakati. Wanaosema mkosi huwa wanakumbuka zaidi ile siku ya 2010. Dakika zimebaki chache, Collingwood wanaongoza kwa pointi moja, Lenny Hayes anaupiga mpira mrefu kuelekea goli, Stephen Milne anaukimbilia. Mpira wenyewe ni wa umbo la yai. Ukidunda na kumjia mikononi, huenda ni goli la pointi sita na kombe. Ukadunda upande wa pili, ukampita, ukaingia kati ya mlingoti mrefu na mfupi kwa pointi moja. Sare, 68 kwa 68. Wiki iliyofuata wakarudia fainali na Collingwood wakashinda kwa pointi 56. Ule mdundo ulikuwa bahati mbaya, sibishi. Zile pointi 56 hazikuwa bahati, na ni vizuri kuvitenganisha, kwa sababu shabiki anayeyaita yote mkosi hawezi tena kuona timu yake inapokosea.

Sasa nije kwenye kuamini. Wewe umekulia kwenye soka la nyumbani, ambako tajiri akifungua pochi wakati wa dirisha la usajili, Simba au Yanga inabadilika ndani ya miezi miwili, na timu ndogo inabaki ndogo mpaka mjukuu wako azeeke. Ukiingia kwenye mpira wa Australia na akili hiyo utapotea, kwa sababu ligi hii imejengwa makusudi ili mambo yasiende hivyo. Kila klabu ina ukomo wa jumla ya mishahara. Ukimlipa mmoja sana, umemnyima mwingine. Na kila Novemba, vijana bora nchini waliofikisha miaka 18 huchaguliwa kwa zamu: aliyeshika mkia anatangulia, bingwa anakuja mwisho. Kuna mianya, mathalani mtoto wa mchezaji wa zamani anaweza kuchukuliwa na klabu ya baba yake, na zipo akademia za Queensland na New South Wales ambazo wapinzani wao hawaachi kuzilalamikia. Lakini mwelekeo wa mfumo ni kuivuta timu ya chini ipande na ya juu ishuke.

Ndiyo maana mambo hugeuka haraka kuliko unavyoona kwenye soka. Richmond walimaliza wa 13 mwaka 2016, wakawa mabingwa 2017. Brisbane walikuwa wa 15 mwaka 2018 na wa pili 2019. Adelaide walikuwa wa 15 mwaka 2024, na 2025 wakaongoza ligi nzima, ingawa kwenye mtoano walipigwa mechi mbili mfululizo wakarudi nyumbani. Kinyume chake pia hutokea: Geelong walibeba 2022 na wakakosa hata mtoano 2023, Collingwood walibeba 2023 na wakakosa 2024. Kwa hiyo ule moto unaokuwakia kila Februari hauna ugonjwa ndani yake. Kanuni zimetungwa ili uwake. Anayefuata timu ya 12 kwenye ligi hii ana sababu za kutumaini ambazo mwenzake wa Uingereza hana.

Ila usichukue upande mmoja wa habari hii. Kuna watu hudhani timu ikifungwa vya kutosha, wema utakuja wenyewe kupitia hao vijana. Waulize Gold Coast. Waliingia ligi 2011, wakapewa vijana wa daraja la kwanza miaka nenda rudi, na hatua ya mtoano wakaifikia kwa mara ya kwanza 2025. Kijana wa miaka 18 ni ahadi tu. Mchezaji mfupi mwenye mbio anaweza kukufaa msimu wake wa kwanza. Mrefu, wa kukaa mbele ya goli au kulinda, mara nyingi huchukua miaka minne au mitano mwili wake ukomae, na katikati hapo goti linaweza kwenda. Halafu klabu zilizokata tamaa huwa hazijui kulea.

Haya, usajili wenu. Mmewapata Tom De Koning na Jack Silvagni kutoka Carlton, Sam Flanders kutoka Gold Coast na Liam Ryan kutoka West Coast. Silvagni baba yake na babu yake ni masultani wa Carlton, na kumwona amevaa rangi zenu kumewauma watu wale kwa namna ambayo nakiri inachekesha kidogo. Ryan alikuwa uwanjani West Coast waliponyakua kombe la 2018 dhidi ya Collingwood. Hawa si watu wa mchezo. Lakini uwanjani wapo 18 kwa wakati mmoja, na msimu wa kawaida una mechi 23. Katika mpira wa kikapu nyota mmoja ni sehemu moja ya tano ya timu; hapa ni moja ya kumi na nane, tena kwenye uwanja mpana kiasi kwamba kuna robo nzima ya mechi anaweza asiguse mpira mara nne. Swali ninalojiuliza mimi kuhusu De Koning halihusu ubora wake. Nyinyi tayari mna Rowan Marshall, naye kazi yake ni ileile ya kuruka juu kuugombea mpira refa anapouanzisha. Warefu wawili wa aina moja ni mali kama mmoja anakaa mbele na kudaka mipira. Wasipojua kugawana ni uzito tu ifikapo robo ya nne, miguu ya wenzao inapokuwa bado inakimbia. Hilo ndilo la kulitazama mechi za mwanzo, kabla ya kuhesabu magoli.

Kuhusu Nasiah Wanganeen-Milera, hapo nakupa mkono. Kubaki kwake ndiyo habari kubwa kuliko usajili wote. Klabu yenye historia ya kupoteza huwa inakimbiwa na vijana wake bora wakifika miaka 22 au 23, na kila anayebaki huwapunguzia wengine sababu za kuondoka. Lakini naomba uiangalie tena ile mechi ya Julai 2025 dhidi ya Melbourne, ambayo najua umeihifadhi kwenye simu. Robo ya tatu imeisha, mko nyuma kwa pointi 46. Hakuna timu iliyowahi kutoka shimo la kina hicho mwanzoni mwa robo ya mwisho ikashinda. Mkafunga, mkafunga, mkasawazisha. Zimebaki sekunde chache, Melbourne wanajipanga vibaya kati ya uwanja, refa anatoa adhabu, Marshall anaupiga mpira mbele, Nasiah anaudaka, king'ora kinalia, na yeye anapiga goli la ushindi. Watu wazima walilia mbele ya watoto wao. Ni moja ya robo bora kabisa ambazo nimewahi kuzichambua. Pamoja na hayo, timu ile ile ndiyo iliyocheza robo tatu za kwanza, na mwisho wa msimu mlikuwa wa 12. Shabiki huhifadhi robo ya nne na kuzifuta tatu za kwanza. Mimi kazi yangu inanilazimisha kuzitazama zote nne, na zile tatu zinanieleza zaidi kuhusu mwaka unaokuja.

Kwa hiyo unataka kauli yangu. Ross Lyon ni kocha aliyewafikisha fainali 2009 na 2010, na aliporudi, msimu wake wa kwanza wa 2023 mlimaliza wa sita. Anajua kuzuia magoli. Kufunga ndiko kunakomsumbua. Kwa kikosi hiki naona nafasi kati ya ya sita na ya kumi ikiwa majeruhi hawatazidi. Na kuanzia msimu wa 2026 aliyemaliza wa tisa au wa kumi naye anapata mchezo mmoja wa ziada wa kugombea kuingia mtoano, kwa hiyo hata nafasi hiyo ya kumi si ya kutupa. Kombe? Sioni. Haliko mbali kama 2014 mliposhika mkia, ila Brisbane, aliyebeba 2024 na 2025 na kuifunga Geelong fainali kwa pointi 47, bado yuko palepale.

Usinisadiki mimi wala kijiwe, soma mwenyewe. Mechi za maandalizi zipuuze kabisa, makocha huficha mipango na wachezaji hupewa dakika za kupima miguu. Pia usihukumu kwa mechi tatu: Brisbane walifungwa tatu za mwanzo 2024 na wakamaliza mabingwa. Ngoja mpaka mechi ya nane hivi, kisha kwenye msimamo usiangalie nafasi, angalia ile safu ya asilimia. Ni pointi mlizofunga ukizigawa kwa mlizofungwa, mara mia. Ikiwa juu ya 110 huku mmepoteza mechi za karibu, tulia, ushindi unakuja. Ikiwa chini ya 100 huku mnashinda kwa pointi tatu tatu, furahia lakini usiite jirani. Kumbuka pia kwamba wapinzani ni 17 na mechi ni 23, maana yake mnakutana na timu sita mara mbili. Ni timu gani hizo sita kunaweza kukupandisha au kukushusha nafasi mbili au tatu bila wewe kubadilika chochote.

Na maumivu ya Agosti yanatoka wapi? Akili haipimi matokeo, inapima pengo kati ya ulichotarajia na kilichotokea. Anayengoja kombe peke yake amejiwekea kipimo ambacho watu wa timu 17 hushindwa kila mwaka, akiwemo aliyefungwa fainali kwa goli moja. Sikuambii upunguze mapenzi. Nakuambia uongeze vitu vya kungojea: De Koning na Marshall kuelewana, kijana fulani kufikisha mechi ya hamsini, kuwafunga Collingwood angalau mara moja, kuingia nane bora. Kadi ya uanachama usiijutie, ina mambo mengi ya kukupa hata msimu wa kushindwa. Na nyumbani wekeni mkataba: king'ora kikilia, una dakika kadhaa za kununa ukiwa nje unatembea, ukirudi ndani mechi imeisha kwa kila mtu.

Sasa mkeka. Kampuni za kubeti hupanga bei za timu zote 18 kwa namna ambayo ukijumlisha nafasi zote zinapita mia kwa mia. Hicho kinachozidi ndiyo faida yao, hata kabla mpira haujarushwa. Mkeka wa ubingwa unakaa na hela yako kuanzia Februari hadi Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Na unaharibu kile ulichonacho bure: mechi ambayo ungeumia kama shabiki, sasa unaumia kama mdaiwa. Kama ni hela ndogo, ihesabu imekwenda na usiongeze. Ila kilichonishtua ni kwamba mama watoto haujui. Kiasi kinaweza kuwa kidogo. Kuficha ndiyo dalili. Mwambie wiki hii, kabla msimu haujaanza, wakati hakuna aliyefungwa na hakuna aliyekasirika.

Kuna mahali ambapo barua kama hii haitoshi. Ukijikuta unaongeza dau ili urudishe ulichopoteza, au unakopa, piga simu ya msaada wa kamari, 1800 858 858. Ni bure, saa 24, na hawakuulizi karatasi zako za uhamiaji. Ukitaka kujifungia usiweze kubeti mtandaoni, jisajili BetStop, kampuni zote zenye leseni Australia zinalazimika kukuzuia. Na kama baada ya mechi hulali siku mbili tatu, unakunywa zaidi, unapiga meza, au umeona mtoto anatazama uso wako kwanza kabla ya kutazama matokeo, nenda kwa daktari wako wa familia ana kwa ana. Anaweza kukuandikia mpango wa kuonana na mwanasaikolojia, na Medicare, bima ya afya ya serikali, ikakurudishia sehemu ya gharama kwa vikao hadi 10 kwa mwaka. Kiingereza kikikuelemea kwenye mambo ya moyoni, mwombe akupatie mkalimani wa Kiswahili kwa simu kupitia 131 450. Usiku ukiwa mzito sana, Lifeline, simu ya msaada kwa aliyezidiwa moyoni, ni 13 11 14. Mara nyingi mtu anayelia sana kwa ajili ya timu ana kingine anachokililia, na timu imempa ruhusa tu. Umekuwa mbali na kwenu kwa miaka mingi. Hilo nalo lizungumzie.

Mtoto mwambie ukweli, miaka 11 inatosha. Akikuuliza "Mwaka huu?", mjibu: labda, ila si rahisi. Katika ile ligi yangu ya kufikirika, uwezekano wa yeye kuliona kombe kabla hajafikisha miaka 18 ni kama theluthi moja, na huo ni ukweli ambao mtoto wa shule anaweza kuukokotoa mwenyewe akipenda. Kisha mtoe kwenye kochi. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akaja huku akiwa mtoto, na 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima akiichezea Port Adelaide. Sisemi mwanao atafika huko. Ila mtoto anayecheza Jumapili asubuhi ana matokeo yake mwenyewe ya kuyafikiria, na St Kilda inakuwa moja tu ya timu mbili anazozijali. Klabu za watoto ziko nyingi huko Dandenong na Noble Park, ligi zao huanza karibu na Aprili, na usajili hufunguliwa mapema. Piga simu sasa, uliza pia kama wana msaada wa ada, kwa sababu mara nyingi upo na hawautangazi.